Hotpoti mezani, ukuta nje: nyumba za pembezoni mwa Dar zinavyonyamaza

Saa nne kasoro usiku, Kibamba. Geti linafunguliwa na dada wa kazi kwa sababu mama mwenye nyumba ameshaingia chumbani. Mezani kuna hotpoti mbili, ya wali na ya maharage, na kibakuli cha mchicha kilichofunikwa kwa sahani. Mwanamume anakula haraka, simu ameiegesha kwenye chupa ya maji, anaangalia mabao ya mechi iliyompita akiwa barabarani. Akimaliza ananawa, anazima taa ya sebuleni, anaingia chumbani kwa kunyata. Mke anageukia ukutani. Hajalala. Mume anajua kwamba hajalala. Wote wawili wanajifanya.

Mwanamume huyo nilikuwa mimi, kwa karibu miaka mitatu. Ungeniuliza wakati ule kama ndoa yangu ina shida ningekukatalia, tena kwa nguvu. Hatukuwa tumegombana. Hakukuwa na mchepuko, ada zililipwa, mtungi wa gesi haukuisha bila mwingine kuletwa. Kisha siku moja, nikitafuta namba ya fundi bomba, nikajikuta napitia meseji zetu za mwezi mzima. "Luku imebaki uniti nne." "Nimetuma." "Basi la shule wanadai." "Kesho." "Fundi anataka elfu thelathini." "Mwambie ishirini." "Utachelewa?" "Foleni." Mtu asiyetujua angedhani ni mhasibu na mtunza stoo.

Nyumba za aina hii ni nyingi huku nje ya mji, na maelezo yanayotolewa ni yale yale. Mume wako ni mkimya, ndivyo alivyo. Mke wako amebadilika, siku hizi ana kiburi. Mashangazi wanasema hivyo, viongozi wa dini wanasema hivyo, na sisi wenyewe tunasema hivyo usiku tukiwa tumetazama dari. Kila kitu kinawekwa kwenye tabia. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba tabia inabebeshwa mzigo usio wake wote. Ukimya huu una saruji ndani yake, una kilomita, una saa za kuamka. Ukitaka kuuelewa inabidi uanze na kiwanja kabla hujafika kwenye moyo.

Kwanza, jina la ugonjwa

Kiswahili kina maneno mawili ambayo siku hizi tunayachanganya. Mpweke ni aliye peke yake. Mkiwa ni aliyekosa wake wa kumwegemea, na ukiwa unaweza kumkuta mtu katikati ya sebule iliyojaa. Mwanasosholojia wa Marekani Robert Weiss aliweka mpaka unaokaribiana na huo mwaka 1973: kuna upweke wa kijamii, wa kukosa kundi la watu wa kushirikiana nao, na kuna upweke wa kihisia, wa kukosa mtu mmoja wa karibu wa kumfungulia kifua. Uzito wa hoja yake uko kwenye jambo moja, kwamba pengo la aina moja halizibwi kwa dawa ya aina nyingine. Aliyekosa wa karibu mpe marafiki hamsini, atarudi nyumbani na pengo lake. Aliyekosa jamii mpe mwenza wa kumpenda, bado atazunguka uani kama kuku aliyepotelewa na vifaranga.

Huku pembezoni wengi wamepatwa na vyote viwili kwa mpigo. Ndiyo maana mtu anashindwa hata kutaja anachoumwa, anaishia kusema amechoka.

Na tuache ile kauli ya kwamba upweke ni ugonjwa wa Wazungu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka Juni 2025 ilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke, na kwamba katika nchi za kipato cha chini kiwango ni kama asilimia 24, wakati nchi tajiri ziko kwenye asilimia 11 hivi. Tanzania ilishapandishwa kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini mwaka 2020, kwa hiyo siwezi kuichukua namba hiyo nikaipachika Kibamba. Ila inatosha kuvunja ile imani yetu kwamba sisi tuna undugu, hayo hayatuhusu.

Jiji lilivyohamia saiti

Sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam na watu wasiofika laki tatu. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541, mwaka 2022 wakawa 5,383,728. Namba hizo zinajulikana. Inayonivutia zaidi ni ya jirani: katika miaka hiyo hiyo kumi, Mkoa wa Pwani ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, karibu mara mbili. Huwezi kulieleza ongezeko hilo bila kulitaja jiji, ambalo lilijaa likamwagikia Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo. Wakati huo huo wastani wa watu katika kaya moja nchini ulishuka kutoka 4.7 hadi 4.3. Nyumba zinasogea mbali na watu ndani wanapungua.

Serikali yenyewe ilifungua njia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa mradi wa viwanja 20,000, uliopima maeneo kama Bunju, Mivumoni, Toangoma, Kibada na Buyuni. Waliokosa huko, na ndio wengi, walinunua kwa mwenyeji: hatua za miguu, mashahidi wawili, karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa na mwembe kama alama ya mpaka.

Baada ya kiwanja, kujenga. Mkopo wa nyumba wa benki ni wachache wanaoumudu, hivyo nyumba inajengwa kwa mshahara na upatu. Mwaka huu msingi. Mwaka kesho, Mungu akijalia, boma linapanda, kisha linakaa. Mvua inanyesha ndani, nyasi zinaota sebuleni, majirani wanaanza kuliita pagale. Ikipatikana hela ya lenta inafungwa lenta. Kupaua ni mwaka mwingine. Wengi tunahamia kabla ya plasta, dirisha limezibwa kwa turubai, ili tuokoe kodi tuliyokuwa tunalipa Sinza au Tabata.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu naona washauri wa ndoa wanapapita mbio. Kwa miaka minane mimi na mke wangu tulikuwa na mazungumzo makubwa sana. Tuliongea kuhusu nondo. Za milimita 10 au 12? Bati la geji 28 au 30? Je, fundi anatuibia saruji, au mchanga wenyewe ndio unakunywa mifuko? Jumapili tulipanda daladala pamoja hadi saiti, tukakaa juu ya fungu la tofali tukila mihogo ya kuchoma, tunanyooshea hewa vidole: pale chumba cha mama akija, pale stoo, pale dirisha la jikoni ili upepo wa jioni uingie. Niliwahi kumbeba mgongoni kuvuka dimbwi ili aone kama msingi umekaa sawa. Nikikumbuka leo naona zile ndizo zilikuwa siku zetu za mapenzi, nasi tukazihesabu kama siku za usumbufu.

Nyumba ilipoisha, mada iliisha.

Wenzangu kadhaa wamenieleza jambo hilo hilo kwa njia zao. Mmoja, fundi umeme, alisema ugomvi wao wa kwanza wa maana ulikuja wiki mbili baada ya kupaka rangi. Si ajabu ukifikiria. Mradi huwafanya watu wawili wasimame bega kwa bega wakitazama kitu kilicho mbele yao. Kikishasimama na kupauliwa, inabidi wageuke watazamane, na pengine hawajafanya hivyo tangu harusini. Ndipo zinapofufuka hesabu ambazo hazikufungwa: tofali za awamu ya pili zilitoka kwenye vikoba vya mke, hati imeandikwa jina la mume, na hakuna aliyewahi kusema asante kwa sauti. Sheria iko wazi kuliko midomo yetu. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini hakimu anazungumzia mgawo. Asante haimo kwenye mamlaka yake.

Nasubiri foleni ipungue

Kwetu kuamka ni saa kumi na nusu alfajiri. Basi la shule linapita saa kumi na moja na robo, watoto wanapanda macho yamefumba nusu, mkate mkononi. Mimi natoka dakika kumi baadaye. Mwendokasi ilipoanza Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi yake, kilomita zipatazo 21 kwa jumla, tulishangilia kama wenzetu, halafu tukakumbuka kwamba sisi tunaanzia mbali ya Kimara. Daraja la juu la Ubungo likafunguliwa 2021, barabara ya Morogoro ikapanuliwa kuelekea Kibaha. Foleni nayo haikufa, ilihama kituo tu, kama mpangaji aliyeongezewa kodi.

Jioni ndiyo yenye siri. Wanaume wa Dar wana sentensi moja ambayo wake zao wameisikia mpaka imechakaa: nasubiri foleni ipungue. Ni uongo wakati mwingine, wala sitamtetea mtu. Ila mara nyingi ni kweli, na ukweli wake ndio mbaya zaidi. Piga hesabu. Ukitoka kazini saa kumi na moja unafika nyumbani saa mbili. Ukisubiri mpaka saa mbili, unafika saa tatu na nusu. Kwa mtu aliyechoka, saa moja na nusu hiyo ni bei rahisi, kwa sababu ndani ya foleni atakaa saa tatu amebanwa kwapani mwa mtu asiyemjua, na pale baa ya Shekilango atakaa na wenzake, soda moja au bia mbili, wakichambua Simba na Yanga, siasa, bosi, bei ya mafuta. Anacheka. Anasikilizwa. Anapofika kwake saa tatu na nusu, maneno yameisha.

Mke anayo ya siku nzima. Kama ni wa nyumbani, mtu mzima pekee aliyeongea naye tangu asubuhi ni dada wa kazi na muuza samaki aliyepita na baiskeli. Kama naye anafanya kazi mjini, na wengi wanafanya, amerudi kwa foleni ile ile bila kibaraza cha kusubiria, kwa sababu mwanamke aliyekaa baa ya Shekilango mpaka saa mbili akisubiri foleni ipungue ataitwa jina lingine. Amefika, amekagua madaftari, amepanga sare za kesho, amejaza hotpoti. Hicho chombo kimetusaidia, sikatai, lakini kimeondoa sababu ya mwisho iliyokuwa inamfanya mtu amsubiri mwenzake. Zamani chakula kilipoa, hivyo ulilazimika kuwahi, au mtu alilazimika kuamka akupashie moto, na katika kupasha mkaulizana habari za kutwa. Sasa wali unakaa moto mpaka saa tano bila mtu.

Kutoka hapo mzunguko unajiendesha wenyewe. Mke anauliza, mume anajibu kwa mkato. Mke anaongeza sauti, mume anaingia kuoga. Wanasaikolojia wanaochunguza wanandoa wanaujua mtindo huu vizuri: mmoja anadai, mwingine anajitoa, na kila mmoja anaamini kwamba yeye anajibu tu alichoanzisha mwenzake. Mke anasema, naongea sana kwa sababu hanijibu. Mume anasema, simjibu kwa sababu anaongea sana. Ukiwasikiliza kila mmoja chumba chake, wote ni wakweli.

Mwaka 2011 Erika Sandow wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, alichapisha uchambuzi wa takwimu za watu zaidi ya milioni mbili. Wanandoa ambao mmoja wao alikuwa anasafiri dakika 45 au zaidi kwenda kazini walikuwa na uwezekano wa kuachana uliozidi wa wengine kwa asilimia 40. Miaka ya mwanzo ya safari hizo ndiyo ilikuwa ya hatari zaidi. Waliovuka miaka mitano walikuwa wamezoea. Sweden si Kibamba, treni yao inafika kwa dakika iliyoandikwa, na talaka kwao haiiti kikao cha ukoo. Lakini niliposoma ile dakika 45 nilicheka peke yangu kwenye daladala. Dakika 45 kwetu ni Kibamba hadi Kimara, siku ya heri.

Walioachwa nje ya ukuta

Nyumba ya Kiswahili ya Ilala, Magomeni au Temeke inajulikana: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani bafu na jiko, mbele baraza. Mimi nilikulia katika mojawapo. Sitaki kuipamba. Tuligombania mita ya umeme iliyokuwa ya pamoja, zamu ya kudeki choo, na sauti ya redio. Umbea ulikuwa mwingi kuliko maji. Mwanamke aliyepigwa, nyumba nzima ilisikia, na mara nyingine nyumba nzima iligeukia upande wa pili. Aliyesema amekimbia uswahilini kutafuta utulivu hajasema uongo.

Lakini ndoa katika nyumba ile haikuwa ya watu wawili. Mama alipokasirikiana na baba alitoka barazani, akakaa mkekani na mama wa chumba cha pili, akasukwa nywele na kuteta mpaka hasira ikapungua. Akarudi ndani akiwa na nusu yake. Baba naye alikuwa na bao chini ya mwarobaini. Akinuna siku tatu, mzee wa chumba cha mbele alimuuliza, bila hodi wala aibu, "Vipi kijana, mbona mkeo anachota maji analia?" Palikuwa na shangazi, palikuwa na somo wa mke, palikuwa na mshenga ambaye ndoa ikiyumba alijiona ameulizwa yeye. Kila mmoja alibeba kipande. Tulipohamia pembezoni tuliwaacha wote hao kwenye kituo cha daladala, tukaingia geti, tukawagawia watu wawili kazi iliyokuwa inafanywa na watu kumi: mpenzi, rafiki, msiri, mshauri, msuluhishi, mlezi mwenza, mlinzi, mhasibu. Wakishindwa tunasema hawapendani.

Ukuta wenyewe una sababu. Wizi upo, na katika saiti yenye nyumba tatu na mapagale kumi usiku unakuwa mrefu. Wengine huanza na ukuta kabla ya nyumba, ili eneo lisivamiwe. Lakini ukuta hauchagui. Unamzuia mwizi, unamzuia na mama wa chumba cha pili. Unaficha utajiri kidogo tulionao, na unaficha pia kofi. Hili la mwisho nalisema waziwazi kwa sababu kuna nyumba ambazo kimya chake si uchovu wala kukosa mada, ni woga, na kule ushauri wa "ongeeni" unaweza kumuumiza mtu. Huko kunahitaji ndugu wa kumtoa mtu, na Dawati la Jinsia na Watoto lililopo kituo cha polisi.

Kwa sisi wengine, wa kununiana, hata sheria haina pa kutushika. Inataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya talaka kuombwa mahakamani, na hilo ni jambo jema, ni kama kuirudisha baraza ya nyumba kwa muhuri wa serikali. Inataja ugoni, ukatili wa mwili au wa akili, kumtelekeza mwenzako miaka mitatu au zaidi. Nenda sasa ukaliambie baraza: mume wangu anarudi kila siku, analipa kila kitu, hajanipiga, ila hayupo. Wajumbe watatazamana.

Mlango wa geti ulioachwa wazi kiganja kimoja

Watoto wanaona zaidi ya tunavyodhani, ila sina mengi ya kusema juu yao zaidi ya hili: wangu mdogo aliulizwa shuleni achore familia, akamchora mama, kaka yake, dada wa kazi na mbwa, mimi akanichora kama gari. Mwalimu alisifu magurudumu.

Mama yangu ndiye aliyenifungua macho. Tulimjengea chumba chake, chenye choo ndani na dirisha la kutazama mpapai, kama tulivyokuwa tumekinyooshea vidole hewani. Akaja kutoka Kilosa na gunia la mchele. Siku ya tatu nikamkuta amehamisha kigoda chake hadi getini. Ameufungua ule mlango mdogo wa geti upana wa kiganja, ameuzuia kwa jiwe, amekaa anatazama miguu inayopita. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Natazama watu." Siku nyingine wapita njia walikuwa wawili kutwa nzima, na mmoja wao ni mbuzi. Wiki ya tatu akaomba nauli. "Mwanangu, nyumba ni nzuri," aliniambia. "Ila humu mtu akifa, atatangazwa na harufu."

Nilikasirika. Baadaye nikakumbuka kwamba jirani wa nyumba ya nne tulijua amefiwa kwa kuona turubai, na kwamba nilipokwenda kutoa pole nilimpa mkono mtu asiyekuwa mfiwa.

Ushauri wa kawaida kwa watu kama sisi ni kutoka: mpeleke mkeo mjini mkale chakula. Kwa heshima zote, aliyeutoa ushauri huo anaishi Upanga. Barabara ya kwenda kwenye hicho chakula ndiyo ile ile iliyotumaliza. Kinachofanya kazi, kwa nilivyoona, ni vitu vinavyowarudisha watu wa tatu. Wakatoliki wa mtaa wetu wana jumuiya ndogo ndogo, utaratibu ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliukazia tangu miaka ya 1970: Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi wanasali nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Mimi si Mkatoliki, lakini nimeona kwamba ndiyo taasisi pekee huku inayofungua kila geti bila mtu kufa. Kikundi cha kuzikana kinafungua pia, kwa zamu yake. Vikoba vya akina mama vinakutana Jumapili mchana, na hisa zikishahesabiwa dakika ishirini, saa mbili zinazobaki si za hisa.

Kwetu sisi mambo yalianza na maji. Bomba lilikauka wiki mbili mfululizo, na jirani wa nyuma, ambaye tulikuwa tunapungiana mikono kwa miaka minne kama mabaharia wa meli mbili, ana kisima. Mke wangu na mke wake walichoka kuzunguka mtaa mzima na ndoo wakati kinachowatenganisha ni tofali la inchi sita. Wakakubaliana kutoboa ukuta. Walipotuambia walikuwa wameshaongea na fundi.

Basi tukaanza tena. Mlango uwe wa bati au wa nondo? Ufungukie kwao au kwetu? Lenta yake itabeba, au ukuta utapasuka? Fundi alitaka elfu themanini, mke wangu akasema hamsini, nikasema fundi mwenyewe hajui kupiga timazi. Usiku ule tulibishana kuhusu bawaba mpaka saa sita, mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda, yeye ameegemea mto, anachora kwenye mgongo wa bahasha. Chakula hakikuwa kwenye hotpoti. Tulikuwa tumesahau kukitoa jikoni.

Sasa watoto wao wanapita kuja kwetu, wetu wanapita kwenda kwao, na kuku pia, jambo ambalo halikuwa kwenye mkataba. Mama yangu amesikia habari za mlango, ameuliza mchele wa safari hii aulete kilo ngapi. Jirani, mtu wa tahadhari, alisema mlango kama huo ni lazima uwe na kufuli, akanunua kubwa la shaba kwa hela yake. Kufuli lile liko juu ya friji yetu. Bado limo kwenye pakiti.